Kitabu cha leso, wiki ya 9: ngazi za zawadi

Muswada umekwisha. Ni hadithi 41 za leso (wengine huziita kanga), nilizokusanya kwa kina mama na mabibi wa mitaa ya Kibokoni, Kuze na Majengo, hapa Mombasa. Kila hadithi ina jina la leso yake, nani alimpa nani, na kwa sababu gani. (Jina, kwa msomaji asiye wa pwani, ni yale maneno yaliyopigwa chapa kwenye mji wa leso, yaani sehemu yake ya kati, karibu na pindo la chini.) Kilichobaki ni fedha za kukipiga chapa, nami nimeamua kuzichangisha kwa watu: mtu atoe sasa, kitabu akipate kikiwa tayari.

Kuchanga kwetu si jambo geni. Harusi huchangwa, matanga huchangwa, karo ya mtoto huchangwa. Lakini aliyechangia harusi hangoji kitu zaidi ya sahani ya biriani, ilhali mchango wa kitabu una ngazi, na kila ngazi ina zawadi yake. Wiki nzima nimeimalizia kwenye ngazi hizo.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu hakuna ngazi. Mpiga chapa wa hapa mjini amenipa bei ya KSh 230,000 kwa nakala 500, ukubwa wa A5, kurasa 160. Yaani nakala moja KSh 460. Kurasa 160 sikuzichagua kwa kupenda. Karatasi kubwa ya mashine hukunjwa ikawa kurasa 16, kwa hivyo kitabu cha kurasa 154 kinalipiwa sawasawa na cha 160, na zile sita zinazobaki huwa tupu. Nimezijaza kwa faharasa ya majina yote ya leso yaliyomo. Picha za rangi nazo nimezikusanya zote kwenye mkunjo mmoja katikati, ili karatasi moja tu ipite kwenye rangi nne na tisa zilizobaki zipigwe kwa wino mweusi. Uamuzi huo peke yake ulishusha bei kuliko mabishano yote niliyofanya na mpiga chapa.

Ongeza mhariri 30,000, mpangilio na jalada 40,000, na akiba ya dharura 20,000. Jumla KSh 320,000. Nambari ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, naiomba kwa Huduma za Maktaba ya Taifa.

Nilitamani sana kutumia Kickstarter, mtandao wa kuchangishia miradi, ambao tangu 2009 umeshikilia sharti moja ninalolipenda: lengo lisipotimia, hakuna anayekatwa hata senti. Likitimia, wao huchukua asilimia 5, na ada za malipo ziko kando. Ila Kenya haimo kwenye nchi ambazo mwenye mradi anaweza kujisajili, kwa hivyo nitapokea kwa Paybill (nambari ya kulipia) ya M-Pesa na kuandika daftari langu mwenyewe. Sharti lao nimeliazima. Siku 40 zikipita na 320,000 haijatimia, kila mtu atarudishiwa chake, na ada ya kurudisha itatoka kwenye ile akiba ya dharura. Sitaki kuonana na mtu sokoni Marikiti nikiwa na shilingi yake na sina kitabu chake.

Jumanne: jedwali la kwanza

Jedwali la kwanza lilikuwa na ngazi tisa. Niliziita kwa majina ya vyombo vya baharini, kuanzia ngalawa, dau na mashua hadi jahazi. Mwenye KSh 200 alikuwa ngalawa na mwenye KSh 30,000 alikuwa jahazi. Kati yao kulikuwa na kadi za posta, mfuko wa kitambaa, kitabu chenye sahihi, leso iliyobuniwa kwa ajili ya kitabu, matembezi ya Mji wa Kale pamoja nami, na kule juu kabisa, hadithi ya leso ya mamako kuandikwa ndani ya kitabu.

Nilimsomea khalati, dada ya mama yangu, usiku, akishona pindo za leso. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Mwanangu,” akasema, “weye ni muuza vitabu ama muuza mifuko?”

Majina ya vyombo aliyakataa palepale. Alisema mtu aliyejinyima akatoa mia mbili hataki kusikia kwamba yeye ni ngalawa na jirani yake ni jahazi. Niliyafuta usiku uleule. Ngazi sasa zinaitwa kwa kilichomo: jina, kitabu, vitabu viwili, kitabu na leso.

Jumatano: mizani

Zawadi ina bei mbili, ya kuitengeneza na ya kuifikisha, na ile ya pili ndiyo niliyokuwa nimeisahau. Nimepiga hesabu ya uzito kabla kitabu hakijakuwapo. Karatasi ya A5 ni sehemu moja ya 32 ya mita ya mraba, hivyo karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ikikatwa A5 ina gramu 2.5. Kurasa 144 za wino mweusi ni karatasi 72, sawa na gramu 180. Karatasi 8 za picha, nene kidogo, gramu 32. Jalada gramu 19 hivi. Kitabu kizima ni gramu 230, na bahasha yake haifiki 250.

Kisha nikachukua kitabu kingine chenye uzito wa karibu na huo, nikakifunga pamoja na doti moja (jozi) ya leso, nikaenda kukipima kwa muuza nafaka wa mtaani. Kikapita nusu kilo. Kwa mtu wa Tudor au Likoni si neno. Kwa mtu wa Muscat au London, na jamaa zetu wengi wako huko, gharama ya posta ingeimeza faida yote na kuendelea.

Leso maalumu ilianguka kwa sababu nyingine vilevile. Niliulizia kuchapisha leso yenye muundo wangu, nikaambiwa oda ndogo kabisa ni doti 300, kwa KSh 700 kila moja. Hiyo ni 210,000, karibu sawa na kitabu chenyewe! Wangeichagua watu 30, zingebaki doti 270 chumbani kwangu, na kitabu hakijapigwa chapa. Niliipenda sana leso hiyo. Jina lake nilikuwa nimeshalichagua na mji nimeshauchora. Nimeikunja michoro yake nikaiweka kwenye sanduku.

Badala yake nimepita Biashara Street, ambako leso zilizopigwa chapa “Mali ya Abdulla” zimeuzwa vizazi na vizazi, na ambako mwenye duka akikutajia jina la leso hukutajia na mwaka iliotoka. Leso zipo tayari, na za jumla zinauzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Nitanunua doti 40, basi. Kila moja itakuwa na jina linalotajwa mahali fulani kitabuni, na ndani ya doti nitaweka kikaratasi chenye ukurasa wa hadithi yake. Ngazi hiyo ni KSh 3,500, na zikiisha 40 imefungwa.

Ijumaa: ngazi ya elfu thalathini

Hii, ya hadithi ya leso ya mamako kuingia kitabuni, ndiyo iliyoniweka macho.

Nilidhani ni zawadi nzuri kuliko zote. Watu kumi tu wakiichagua, 300,000 imepatikana na mradi karibu umekamilika. Nilimweleza khalati hivyo, naye akaiweka sindano chini.

“Yule bibi wa Kibokoni alokupa hadithi ya talaka yake, alikutoza ngapi?”

Hakunitoza kitu.

“Akakupa na kahawa. Sasa huyu mwenye elfu thalathini akae naye kitabu kimoja, kwa nguvu ya pesa?”

Sikuwa na jibu. Bibi yule alikaa siku mbili kabla ya kukubali kunisimulia, na alikubali kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe. Hadithi 41 zimeingia kwa sababu ni za kweli na kwa sababu wenyewe waliniamini. Ningeuza nafasi ya 42, msomaji angekuwa na haki ya kuuliza ni zipi nyingine zilizolipiwa. Nimeifuta, na bila ya hiyo mradi ni mgumu zaidi, najua.

Matembezi nayo nimeyafuta kwa sababu hiyohiyo: ningekuwa nauza baraza za watu. Lakini nilipowaambia kina mama wenyewe, watatu kati yao walikuja na lao. Siku vitabu vitakapofika, kila aliyechangia, hata wa ngazi ya chini, aje achukue kitabu au aone jina lake barazani, kuwe na kahawa chungu na kashata, na mwenye leso yake aje nayo. Bure. Nimefurahi mno. Kisha nikaona faida nisiyoitafuta: kila atakayekuja kuchukua kwa mkono ni kifurushi kimoja ambacho sitakituma.

Jumamosi: jedwali la pili

Kuhusu ngazi ya jina tu, nilikuwa na shaka kama mtu atatoa fedha apate mstari mmoja nyuma ya kitabu. Kilichoniondoa shaka ni habari ya Sanamu ya Uhuru ya New York. Fedha za kujengea msingi wake ziliposhindikana, kamati ilikuwa ikiuza visanamu, cha inchi 6 kwa dola 1 na cha inchi 12 kwa dola 5. Mwaka 1885 Joseph Pulitzer akatangaza kwenye gazeti lake kwamba atachapa jina la kila atakayetoa, hata akitoa senti. Zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa zaidi ya watu 120,000, na wengi wao hawakufikisha dola moja.

Basi majina yatapangwa kwa alfabeti, bila kiasi. Kwenye harambee zetu kiasi husomwa kwa kipaza sauti, na nimewahi kuona mtu akitoka kabla hajafikiwa. Kitabuni humu hapana.

Ngazi zimebaki nne. KSh 300: jina, na sura moja ya kusoma kwa simu. KSh 1,200: jina na kitabu. KSh 2,200: vitabu viwili, kimoja chako, kimoja nakipeleka maktaba ya shule. KSh 3,500: kitabu na doti ya leso. Asiyeweza kuja barazani atalipia usafiri wake kando, kwa basi au posta, na bei itaandikwa wazi kabla hajatoa.

Nimejaribu hesabu kwa tahadhari: tuseme hakuna anayetaka leso, na wote wachague kitabu kimoja. 320,000 ukigawa kwa 1,200 ni watu 267. Hilo naliona linawezekana. Kwa ngazi tisa za mwanzo sikuweza hata kusema ni watu wangapi, kwani kila ngazi ilikuwa na gharama inayobadilika kwa idadi ya walioichagua.

Kazi za wiki ijayo: kumalizia ombi la Paybill, kununua korija ya kwanza ili nipige picha, na kurudi kwa mabibi wote waliosimulia niwasomee sentensi zitakazotangazwa kuhusu hadithi zao. Tangazo halitoki kabla ya hapo.

Khalati ametuma mia tatu jana usiku kwenye simu yangu, kabla sijafungua chochote. Ndiye wa kwanza kwenye daftari. Jina lake laanza kwa Z.