Dawa za chunusi na makosa yaliyotufikisha hapa

Anayeanza kutibu chunusi huangalia kwanza asilimia iliyoandikwa kwenye boksi, kisha anachukua iliyo kubwa zaidi. Historia ya dawa hizi inamkataza. Kanuni nyingi tunazofuata leo zilipatikana baada ya watu kuumia.

Tuanze na chunusi yenyewe. Homoni huchochea tezi za mafuta, seli zilizokufa hugandamana na mafuta hayo na kuziba kinyweleo, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes anastawi humo ndani, kisha mwili unawaka na uvimbe unatokea. Karibu kila dawa nitakayoitaja hapa chini inagusa sehemu moja au mbili tu za mnyororo huo, na hapo ndipo ilipo sababu ya kuchanganya dawa.

Salfa inatumika tangu enzi za Wagiriki na Warumi. Inakausha na kubandua tabaka la juu la ngozi, na bado imo kwenye losheni za asilimia 3 hadi 10, kwa wanaovumilia harufu yake. Karne ya 19 ilileta zebaki, sumu ya figo na mishipa ya fahamu. Karne ya 20 ikaleta eksirei: mionzi ilisinyaza tezi za mafuta, nyuso zikasafika kweli, na miaka mingi baadaye baadhi ya waliotibiwa wakapata saratani ya ngozi na ya tezi ya shingo. Uso kupona si ushahidi kwamba dawa ni salama.

Benzoili peroksaidi ilianza kupakwa kwenye ngozi miaka ya 1930. Inaua bakteria kwa oksijeni, na bakteria hawajaizoea mpaka leo. Utafiti wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba ile ya asilimia 2.5 ilipunguza chunusi zilizovimba sawasawa na ya 5 na ya 10, ila ya 10 ilichoma ngozi zaidi. Basi anza na 2.5. Tumia taulo na foronya nyeupe, maana inapausha rangi ya kitambaa moja kwa moja.

Antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini zilienea kuanzia miaka ya 1950, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikuwa umeshaonekana. Ndiyo maana hazitumiwi peke yake: huambatana na benzoili peroksaidi, na za kumeza husimamishwa baada ya miezi 3 au 4. Doksisaiklini, mojawapo ya antibiotiki hizo, imezwe kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa. Kidonge kikikwama kooni kinachimba kidonda.

Tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, ndiyo iliyobadilisha mambo. Daktari wa ngozi Albert Kligman na wenzake wa Philadelphia walichapisha matokeo yake mwaka 1969, na Marekani ikaiidhinisha 1971. Kligman huyohuyo aliwafanyia majaribio wafungwa wa gereza la Holmesburg, na ubora wa dawa haufuti dhuluma waliyotendewa.

Wengi hukosea kuitumia tretinoini. Osha uso usiku, subiri dakika 20 ngozi ikauke kabisa, kisha chukua kiasi cha punje moja ya njegere na ukisambaze uso mzima. Ukiipaka juu ya chunusi moja moja umechelewa, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia vinyweleo visizibe. Anza usiku 2 au 3 kwa wiki. Majuma ya mwanzo chunusi huweza kuongezeka. Usiache, hukumu inatolewa baada ya wiki 12. Benzoili peroksaidi huivunja tretinoini ya kawaida, kwa hiyo moja ipakwe asubuhi na nyingine usiku. Adapalini, ndugu yake mpole, haivunjiki hivyo. Mchana paka kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi. Mjamzito asitumie tretinoini wala adapalini.

Kwa chunusi kali zinazoacha makovu, isotretinoini ya kumeza iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Ni hiyo pekee inayogusa mnyororo wote. Dozi huwa miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, hadi jumla ifikie 120 hadi 150 kwa kilo. Inaharibu mimba vibaya sana, hivyo mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa kabla ya kuanza na kila mwezi, na hutumia uzazi wa mpango hadi mwezi mmoja baada ya kuacha. Isichanganywe na tetrasaiklini, kwa kuwa shinikizo ndani ya fuvu huweza kupanda, wala na vidonge vya vitamini A.

Midomo hukauka karibu kwa kila anayeimeza. Isipokauka hata kidogo, daktari huuliza mgonjwa anaimezaje: bila chakula chenye mafuta, sehemu kubwa ya dawa hainyonywi tumboni.