Na Kitabu Kingine

Nilikuwa na miaka 12 nilipoanza kuandika dhambi zangu.

Jumapili hiyo mhubiri alisoma Ufunuo sura ya 20: kiti cha enzi kikubwa, cheupe, mbingu na nchi zikikimbia, bahari ikiwatoa wafu wake. Hakupaza sauti. Alisoma polepole, na alipofika "na vitabu vikafunguliwa" alinyamaza, akatutazama kwa muda. Ukimya ule ndio ulioniingia. Nilirudi nyumbani na jambo moja tu kichwani: kuna mahali ninaandikwa, na sijui maandishi yamefika ukurasa wa ngapi.

Nikatafuta daftari la shule ambalo lilikuwa halijajaa, nikaligeuza, nikaanza upande wa nyuma. Nia yangu ilikuwa kuandika kila kosa na kulitubia moja moja, ili siku ile vitabu vikifunguliwa pasiwe na lolote humo ambalo sikulitaja mwenyewe. Nilimdanganya mwalimu. Nilimcheka mwenzangu mwenye kigugumizi. Nilisinzia wakati wa sala. Nilipofika kosa la 41 nikakumbuka jambo la zamani sana, ambalo lilikuwa limenitoka kabisa, na hapo ndipo hofu yenyewe iliponishika. Ikiwa hili nilikuwa nimelisahau, je, yale ambayo sitayakumbuka kamwe? Tangu usiku huo sikulala tena bila taa.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Martin Luther, yule aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, alipokuwa mtawa kule Erfurt, Ujerumani, jinsi alivyokuwa akiungama kwa saa nyingi na bado dhamiri isitulie. Uzeeni aliandika kwamba aliwahi kulichukia neno "haki ya Mungu" katika Warumi 1:17, kwa kuwa alidhani ni ile haki ambayo Mungu huitumia kuwaadhibu wenye dhambi, mpaka alipotambua kuwa ni haki ambayo Mungu humpa mtu kwa imani. Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mateso yale niliyafahamu. Tofauti ni kwamba mimi sikuyavuka kwa kusoma Warumi. Nilivushwa na shangazi yangu.

Wakati huo nilikuwa nikiishi kwake. Usiku mmoja aliingia chumbani akaketi kando ya kitanda, daftari mkononi. Nilijua amelisoma. Nilingoja anigombeze.

"Mwanangu, nisomee kile kilichosomwa kanisani."

Nikasoma. Nilipomaliza mstari wa 12 akaniambia nirudie pale katikati.

"Na kitabu kingine kikafunguliwa, ambacho ni cha uzima."

"Vile vya kwanza vimeandikwa nini?"

"Matendo, Shangazi."

"Na hiki?"

Sikujua. Akanisogeza hadi mstari wa 15: "Na iwapo mtu ye yote hakuonekana ameandikwa katika kitabu cha uzima..." Nikasoma mara mbili. Humo hayakutajwa matendo. Aliyeandikwa humo ni mtu.

Sikuwa nimekiona kitabu hicho. Nimesikia mahubiri mengi ya sura hiyo tangu wakati ule, na inaniuma kwamba mengi hukimbilia ziwa la moto yakakipita mbio.

Nikamuuliza jina la mtu linaingiaje humo. Akanikumbusha yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. "Yuko msalabani. Hawezi kumrudia yeyote aliyemkosea, hawezi kufunga, hawezi kutoa sadaka. Amebakiwa na mdomo tu. Akasema, Ee Yesu, nikumbuke. Akajibiwa nini?"

"Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi."

"Leo hivi," akarudia.

Lakini mimi nilikuwa mtoto mbishi, nikamwambia: basi mtu aibe maisha yake yote, mwishoni aseme nikumbuke? Hakunijibu. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye kosa la 17. Moyo ulinishuka. Nilikuwa nimeandika: *Nilichukua pesa kwenye mkoba wa Shangazi.*

"Hili nilikuwa nalijua," akasema. "Nililijua siku ileile. Na usiku ule kabla sijalala nilikuwa nimekusamehe."

Ilikuwa imepita miezi. Nikaanza kuzirudia siku zote zilizokuwa katikati. Kumbe alipokesha nami nikiwa na homa, alikuwa anajua. Aliponishonea kaptula iliyochanika, alikuwa anajua. Kila aliponiita mwanangu. Mimi nilikuwa naishi nikiamini kwamba ananipenda kwa sababu hajajua.

Nililia sana. Aliniacha nilie, kisha akanifungulia Yohana 5:24, akanitaka nisome kwa sauti: yeye aaminiye "haingii hukumuni, bali amepita kutoka mautini kuingia uzimani." Akanishika mkono. "Ameandika amepita. Hakuandika atapita."

Najua Paulo huyohuyo aliyesema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, ndiye pia aliyeandika kwamba imetupasa sote kudhihirishwa mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo. Yakobo naye anasema imani pasipo matendo imekufa. Siyafuti maneno hayo, na siku ile bado naitazamia kwa kicho. Ila nikisoma Mathayo 25 siku hizi, pale Kristo kama Mfalme anapowatenga watu siku ya hukumu, ninachokiona kwanza ni mshangao wa wale wa mkono wa kuume, waliokubaliwa. Mfalme anawatajia mema yao, nao wanauliza: Bwana, ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha? Hawakumbuki. Waliwalisha wenye njaa na kuwatazama wagonjwa, na hawakuweka hesabu yoyote. Mimi nilikuwa na daftari lenye makosa 41, na katika majuma yote niliyoliandika sikumwendea hata yule mwenzangu mwenye kigugumizi.

Nilimwendea juma lililofuata. Sikuwa na maneno mengi, naye hakuwa na haraka ya kunisamehe, jambo ambalo lilikuwa haki yake.

Zile pesa za shangazi zilinichukua muda kuzipata, sarafu kwa sarafu. Nilipotimiza nilizifunga ndani ya karatasi nikampelekea. Hakuniambia nisingesumbuka. Alizipokea kwa mikono miwili, akazitia mkobani bila kuzihesabu, na ule mkoba akauacha mezani, palepale ulipokuwa ukikaa siku zote.