Hasira haikunifaa kitu kwenye judo

Miaka yangu ya mwanzo katika judo niliamini kwamba makali ya mpiganaji ni hasira. Siku ya mashindano nilikaa pembeni nikijichochea, nikijipiga makofi mashavuni na kukumbuka kila aliyewahi kunidharau. Refa akisema "hajime", yaani anzeni, namvamia mpinzani. Pambano la watu wazima ni dakika 4 tu, lakini ya pili haijaisha mikono yangu ilikuwa imekakamaa, vidole havishiki tena, pumzi juu juu. Mara moja nilimsukuma mtu kwa nguvu zangu zote. Akaupokea msukumo huohuo, akageuka, akanipitisha begani. Ippon, alama kamili inayomaliza pambano. Nilikuwa chali natazama taa za ukumbi.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Alikushika wapi kabla ya kukutupa?"

Sikujua. Mtu alikuwa amening'ang'ania gi, vazi la judo, kifuani mwangu na mimi sikumwona.

Swali hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Basi tukakubaliana: kila siku ya mazoezi, randori (pambano la mazoezi) ya kwanza naichukulia kama fainali. Zilizobaki ni za kujaribu mbinu na kukosea. Katika hiyo moja, nikiinama kusalimia natoa pumzi yote taratibu hadi tumbo linaingia ndani, kisha macho yanatua kwenye kola nitakayoishika. Kichwani yanabaki maneno mawili: mshiko kwanza. Mwezi wa kwanza nilidumu pumzi tatu au nne, halafu mawazo yanatangatanga, naanza kuwaza nimechoka, au nani anatazama. Nikigundua hivyo, narudi kwenye kola. Hakuna kingine nilichofanya, ni kurudi tu, mara mia na zaidi.

Wenzangu walidhani nitawaumiza. Haikuwa hivyo, kwa sababu mtu unayemwona sawasawa unajua pia namna ya kumshusha salama. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, alisisitiza kutumia nguvu vizuri na kunufaishana. Maneno hayo nilikuwa nimeyakariri zamani; sasa nilikuwa nayafanya.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni "mate", neno la Kijapani la refa la kusimamisha pambano. Zamani refa akisimamisha pambano niliendelea kuchemka nikimkodolea macho mpinzani, na nguvu zikavuja bure. Siku hizi nikisikia "mate" nazima kabisa: narudi mahali pangu, narekebisha gi, nakaza mkanda, navuta pumzi moja ndefu. "Hajime" ikija, nawaka upya. (Hii ni dawa ya mtu anayechemka haraka. Mwenzangu mmoja huanza akiwa amepooza kabisa. Yeye lazima arukeruke na kupiga kelele hadi jasho limtoke.)

Kwenye mashindano yaliyofuata pambano langu la kwanza lilifika muda wa nyongeza, usio na kikomo. Mikono ilikuwa bado inafunguka. Nilihisi mkono wake wa kushoto ukilegea kwenye mkunjo wa kiwiko changu, nikaingia, akaanguka kwa ubavu. Waza-ari, alama iliyo chini ya ippon, na kwenye muda wa nyongeza ikatosha.

La pili nilishindwa. Baada ya kushinda, moto huwa unanizimikia, na kuuwasha mara ya pili siku hiyohiyo bado sijaweza. Kwa sasa najaribu kulala chali na taulo usoni kati ya mapambano, kisha napasha mwili upya tangu mwanzo, hata kama misuli bado ina joto.