Nilivyopata baiskeli ya mlimani inayolingana na urefu wangu wa sentimita 196

Fremu ya baiskeli yangu ya kwanza ilipasuka pale bomba la fremu linalopokea bomba la kiti linapoungana na bomba la juu. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele uliokwama chini ya rangi, na fundi aliponionyesha nilielewa kwamba kwa miezi minane nilikuwa nikiendesha baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mfupi kuliko mimi. Muuzaji aliniambia, "Kaka, wewe utapandisha kiti tu, basi." Nilimwamini, nikapandisha kiti hadi alama iliyochongwa kwenye bomba lake ikawa nje kabisa. Alama ile huonyesha kiasi cha bomba kinachopaswa kubaki ndani ya fremu, na ukiipita, bomba hugeuka kuwa mtaimbo unaoibanjua fremu kila unapokalia kiti.

Ninaishi Arusha, nina kilo 104, na njia ninazozipenda ni zile za udongo zinazopanda kutoka Ngaramtoni kuelekea msitu wa Olmotonyi, zenye mawe, mizizi na makorongo ya mvua. Kabla ya kutoa fedha tena, niliamua kujipima kwanza. Nilisimama peku nikiwa nimeegemea ukuta, nikapandisha kitabu kigumu katikati ya mapaja hadi kikagota, nikapiga alama ya penseli ukutani. Kutoka sakafuni hadi kwenye alama nilipata sentimita 93. Waendesha baiskeli wengi huzidisha kipimo hicho kwa 0.883 ili kupata urefu wa kiti kutoka katikati ya ekseli inayobeba mikono ya pedali, na kwangu jibu ni sentimita 82.

Hapo ndipo kosa langu lilipoonekana wazi kwa namba. Kiti chenyewe pamoja na vyuma vyake kilichukua takriban sentimita 5, kwa hiyo bomba lilipaswa kufika sentimita 77. Fremu yangu ya zamani ilikuwa ya inchi 17, yaani bomba lake linalopokea bomba la kiti lilifika sentimita 43 kutoka kwenye ekseli hiyo, na kwa hiyo nilihitaji sentimita 34 za bomba zionekane nje, ilhali bomba zima lilikuwa na urefu wa sentimita 35. Nilikuwa nimeacha sentimita 5 tu ndani, na bado magoti yangu hayakunyooka vizuri. Kwa fremu ya inchi 19, bomba la sentimita 40 lingetosha na kubakiza 11 ndani. Kwa fremu ya inchi 21, hata bomba la kawaida la sentimita 35 lingetosha.

Hata hivyo, urefu wa kwenda juu ni nusu tu ya habari. Bomba la kiti limelala kidogo kuelekea nyuma, na likiwa na pembe ya nyuzi 73 kutoka usawa wa ardhi, kila sentimita 10 unazopandisha kiti hukusogeza nyuma karibu sentimita 3. Mtu mrefu aliye juu ya fremu fupi hujikuta amekaa karibu juu ya gurudumu la nyuma huku mikono ikiwa imebanwa mbele, na kwenye mlima mkali gurudumu la mbele huinuka na kupoteza njia. Jambo hili lilinisumbua sana kwenye mwinuko mmoja wa Olmotonyi, nikawa ninashuka na kusukuma, nikidhani ni pumzi zangu.

Bajeti yangu ilikuwa shilingi laki saba. Kampuni za Trek, Giant na Specialized hutengeneza baiskeli za aina hii katika saizi ya XL, lakini zikiwa mpya sikuzimudu, na zile mpya za bei nafuu nilizoziona madukani karibu zote zilikuwa za inchi 17 au 18. Nikageukia mtumba. Niliamua mapema kwamba nitachukua yenye shokapu mbele peke yake, kwa sababu shokapu ya nyuma huja na maungio yenye beringi ambazo zikichakaa hugharimu fedha nyingi, na baiskeli ya mtumba yenye maungio yaliyolegea huuzwa kwa bei inayovutia kwa sababu hiyohiyo.

Kwa wiki tano nilizunguka nikiwa na futi ya kukunja na pimamaji niliyoazima kwa jirani yangu ambaye ni fundi muashi. Sikuiamini herufi iliyobandikwa kwenye fremu, kwa maana XL ya kiwanda kimoja inaweza kuwa L ya kingine. Nililaza pimamaji kuanzia katikati ya bomba la usukani, nikaisogeza hadi povu likatulia katikati, kisha nikapima hadi kwenye bomba la kiti. Baiskeli yangu ya zamani ilikuwa na sentimita 57 hapo. Mimi nilitafuta 63 au zaidi. Ninasisitiza kipimo hiki kwa sababu kiti, usukani na shingo yake vinaweza kubadilishwa, lakini fremu fupi itabaki kuwa fupi.

Magurudumu niliyataka ya inchi 29, ambayo hupita kwenye mawe kwa urahisi zaidi na hulingana na fremu kubwa. Hapa kuna mtego kwa watu wa kwetu. Rimu ya 29 ina kipenyo cha milimita 622, lakini rimu ya zile baiskeli nyeusi za Phoenix za inchi 28 ni milimita 635, hivyo tairi zake hazivaliki humo ingawa ziko katika kila soko. Soma namba ndogo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi kabla ya kununua.

Kwa uzito wangu, nilikagua pia habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Kwenye baiskeli nyingi za bei ya chini, gia za nyuma hukazwa juu ya habu kwa kuzungushwa kama nati, na gololi za upande wa kulia hukaa mbali na mwisho wa ekseli, kwa hiyo ekseli hupinda au kukatika chini ya mtu mzito. Nilitoa gurudumu, nikazungusha gia kinyumenyume: pale yanapoingia meno ya kifaa cha kufungulia, ikiwa sehemu hiyo inazunguka pamoja na gia, gia zimevalishwa kwenye habu yenye gololi zilizokaa nje zaidi, na hiyo ndiyo niliyoitaka, ikiwa na spoku 32.

Niliyoinunua ilikuwa ya inchi 21, yenye sentimita 64 kwa pimamaji. "Shikamoo, mzee," nilimsalimu muuzaji, kisha nikamwomba ruhusa ya kuifuta fremu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikakagua kila kiungo cha kuchomelea. Nilihakikisha pia kwamba bomba la kiti linatoka na kuingia bila kugandia. Shokapu yake ilikuwa ya upepo, jambo lililonifurahisha, kwani springi za bei nafuu kwa kawaida huwa laini mno kwa kilo 104, lakini upepo unaongezwa kwa pampu. Ilikuwa inavuja, nami nilimwonyesha mzee mafuta yaliyoganda kwenye sili, yaani mpira unaozuia mafuta kutoka. Kutoka 620,000 tulikubaliana 540,000. Sili na mafuta mapya niliviagiza Nairobi kwa 65,000, kukaza spoku kulinigharimu 20,000, na pedi za breki pamoja na tyubu mbili 45,000. Jumla ilifika 670,000.

Kabla ya safari ya kwanza nilifunga kijimpira kwenye mguu wa shokapu, nikakaa taratibu, nikashuka na kupima: kilikuwa kimesukumwa milimita 22 kati ya 100 ambazo shokapu inaweza kushuka, kiasi kinachofaa. Kiti kipo sentimita 82, na alama ya bomba imezama ndani ya fremu. Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye ule mwinuko wa Olmotonyi, nikaupanda hadi juu bila kushuka, gurudumu la mbele likiwa limekamata udongo muda wote.