Nilivyopata pa kupiga hema Msimbati, safari ya tatu

"Kusini hakuna watu, Mwalimu. Beba hema lako uende, utalala popote." Maneno hayo niliambiwa na mfanyakazi mwenzangu mwaka nilipohamia Mtwara mjini nikitokea Masasi. Mpaka leo nikimsikia mtu akimwambia hivyo mgeni, namkatiza. Yalitugharimu usiku ambao mke wangu hajausahau.

Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume. Ilikuwa Jumamosi ya sikukuu. Gari la kukodi lilichelewa, tukapita Madimba kwenye mitambo ya gesi giza limeshaingia, tukafika Msimbati, kijiji cha pwani ya Mtwara, saa mbili usiku. Kiingilio tulilipa, maana eneo lile liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Nikaamini kwamba nikishalipa, pa kulala pamo humo humo. Sivyo. Kiingilio ni cha kuingia tu. Kiwanja cha kuweka hema kina mwenyewe, na mwenyewe siku ile alikuwa amepokea kwaya nzima pamoja na basi lao. Akatuambia kwa upole tujisogeze ufukweni.

Ufukwe ule usiku ule! Mwezi umetimia, mchanga mweupe umeshikana, bahari imekupwa hata mawimbi yanasikika kwa mbali. Nilichagua mahali palipolala sawa kama sakafu, nikagongelea vigingi, tukapika wali kwa mtungi mdogo wa gesi, tukala, tukalala tukiwa na furaha. Saa tisa na nusu binti akanitikisa bega. "Baba, godoro limelowa." Nikadhani mdogo wake amejikojolea. Nilipopeleka mkono chini niligusa maji, tena maji yanayotembea. Nikafungua zipu ya hema, bahari ilikuwa mlangoni.

Sijui tulitokaje. Nakumbuka mke wangu akipanda na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, nami nikilivuta hema zima na vyombo ndani yake kama mvuvi anayevuta juya. Sufuria moja ilikwenda na maji, na viatu vya watoto. Tulikaa chini ya mivinje mpaka kukapambazuka, tumejifunika khanga mbichi, na mke wangu hakunisemesha.

Asubuhi mzee mmoja mvuvi alitukuta pale. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama alama za vigingi vyangu kule chini. "Mwalimu, mwezi umetimia namna ile, nawe unalala chini ya mstari wa mwani?" Sisi watu wa bara hatufundishwi haya. Mzee akanieleza pale pale, akichora mchangani kwa kijiti. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapotimia, pwani yetu hii bahari hukauka mnamo saa nne na kujaa mnamo saa kumi, usiku na mchana vilevile. Kwa hiyo ukifika saa tatu usiku unauona ufukwe mpana kuliko wote, na huo ndio ufukwe utakaofunikwa alfajiri. Mstari wa mwani mkavu na vijiti ndio mwisho wa maji. Hema likae juu yake, tena mbali kidogo.

Basi nikajiapiza kwamba sitatoka tena bila kuweka nafasi. Safari ya pili tukaelekea Lindi, mwezi wa nane. Nilipata namba ya eneo moja la ufukweni, nikapiga simu, nikaambiwa nafasi ipo, nitume hela yote na ya kutolea. Nikatuma. Ilikuwa elfu sitini na kitu, kwa hesabu ya mwalimu si ndogo. Kumbe ile ni wiki ya Nane Nane, na maonyesho ya kanda ya kusini hufanyika Ngongo, pale pale Lindi. Tulipofika, uwanja wa mahema ulikuwa umegeuzwa maegesho ya magari ya waonyeshaji. Kijana wa mapokezi alikiri kwamba hela aliiona, lakini "bosi alisema wenye magari wamelipa zaidi". Hela yangu ilirudi nusu, baada ya wiki mbili za kupiga simu. Tulilala gesti chumba kimoja, watoto chini. Iliniuma kuliko maji ya Msimbati, kwa sababu safari hii nilikuwa nimefanya kila nilichoshauriwa.

Ndipo nikatulia nikafikiri. Safari ya kwanza sikuwa nimeongea na mtu yeyote. Safari ya pili niliongea na mtu asiyekaa pale, maana aliyepokea simu alikuwa mjini, hajui hata nani kalala kiwanjani jana. Anayejua ni mlinzi wa usiku.

Hapa nina fahari na nitasema bila aibu. Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, nilimpigia mwenye kiwanja cha Msimbati, tukakubaliana bei, kisha nikamwambia, "Naomba niongee na mlinzi wako." Akashangaa, akanipa namba. Nikampigia mlinzi jioni anapoingia kazini, nikamsalimu shikamoo mzee, nikamtumia vocha ya elfu mbili, nikamuuliza mambo ambayo mtu asiyekuwepo hawezi kuyajibu. Kisima kiko hatua ngapi kutoka kwenye mivinje? Ijumaa iliyopita walilala watu wangapi? Upepo unavuma kutoka wapi? Alijibu yote bila kusita, na la mwisho akanisaidia kuliko nilivyomuuliza: mwezi wa sita ni kusi, linavuma kwa nguvu, kwa hiyo hema liupe upepo mgongo na mlango uelekee kaskazini, la sivyo mtakula mchanga. Nikamwomba atandike turubai kuukuu chini ya mvinje mkubwa aweke mawe pembeni, awaambie watakaouliza kwamba pana mwenyewe. Mwenye kiwanja nilimtumia nusu tu. Nusu nyingine nililipa mkononi, nikiwa nimesimama juu ya turubai.

Tarehe niliipanga kwa kalenda ya mwezi. Nilichukua siku ya nane tangu mwezi kuandama, siku za maji mafu, yaani bahari inapojaa na kupwa kidogo tu.

Jumamosi tuliyofika safari hii ya tatu, Noah mbili za watu wa mjini zilifika saa moja jioni bila taarifa. Walimzonga yule mzee mlinzi wakimwonyesha hela, wakitaka mahali petu. Nilikuwa nimekwenda kisimani na dumu, nikasikia sauti yake kabla sijafika: "Hapa pana mwalimu, ana watoto." Basi. Wale nao walipata pa kujibanza upande wa pili, nikawaonyesha mstari wa mwani kabla hawajashusha mizigo.

Sisemi kila mahali ni lazima uweke nafasi. Siku za katikati ya wiki mwezi wa pili, nimefika pwani ya Mikindani bila kumpigia mtu, nikapata. Lakini sikukuu, wiki ya Nane Nane, na kipindi cha minada ya korosho kuanzia mwezi wa kumi, wakati wanunuzi na madereva wa malori wanapojaza gesti za Mtwara, Masasi na Newala, usithubutu, kwa sababu hata ukikosa kiwanja hutakuwa na pa kukimbilia. Na Kilwa ni habari nyingine. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, na kibali hukatwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Panga siku nzima kwa ajili ya hilo.

Usiku ule saa nne nilishuka na tochi kutazama bahari. Ilikuwa imejaa, maana maji mafu hujaa saa hizo, tena kwa uvivu. Nilihesabu hatua kutoka ukingo wa maji hadi kwenye kigingi cha kwanza: thelathini na mbili. Niliporudi, mke wangu alikuwa amelala usingizi mzito, mkono wake juu ya watoto wote wawili. Mzee alikuwa amekoka moto, akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma.