Siku 16 za Kaliua

Treni ya Kigoma ikitoka Tabora hufika Kaliua, na hapo reli inagawanyika, mkono mmoja unashuka Mpanda. Wengi wanaijua Kaliua kwa tumbaku na asali. Wachache wanajua kwamba kituo cha afya cha hapo, enzi hizo Kaliua ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Urambo, kilikuwa moja ya vituo viwili tu vya jaribio la tiba ya ugonjwa unaoshambulia ubongo. Kingine kilikuwa hospitali ya Lwala, Uganda. Ugonjwa wenyewe ni malale, na matokeo yalichapishwa mwaka 2012.

Kinachonivutia ni kwamba halikuwa jaribio la dawa mpya. Dawa ilikuwa ya mwaka 1949. Swali lilikuwa hili: dawa hiyohiyo, yenye sumu ileile, je, inaweza kutolewa kwa siku chache zaidi bila kuongeza vifo?

Kwanza ugonjwa. Malale ya huku kwetu, yaani Tabora, Kigoma na mapori yao ya miombo, huletwa na kimelea kiitwacho Trypanosoma brucei rhodesiense, kinachobebwa na mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyomwita. Kinaishi pia ndani ya wanyamapori na ng'ombe, ndiyo maana wanaougua zaidi ni warina asali, wawindaji, wapasua mbao, wavuvi wa mto Ugalla na wafugaji wanaohamia porini. Jina la malale linapotosha. Mgonjwa halali saa nyingi kuliko watu wengine. Mpangilio wa usingizi wake ndio unaovurugika, akasinzia mchana katikati ya mazungumzo na usiku akakesha macho makavu. Kabla ya hapo kuna homa za kuja na kuondoka, kichwa kuuma, na pengine kidonda kigumu mahali alipoumwa na mbung'o. Kimelea kikishavuka kuingia kwenye ubongo, tabia inabadilika: mpole anakuwa mkali, anatetemeka, anayumba akitembea. Ndugu husema amerogwa au amepata wazimu. Aina hii huenda mbio. Bila tiba, mgonjwa hufa ndani ya miezi, tofauti na ile ya Kongo na Afrika Magharibi, iitwayo gambiense, inayoweza kukaa mwilini miaka.

Tiba ilitegemea hatua ya ugonjwa. Hatua ya kwanza, kimelea kikiwa bado kwenye damu na tezi, ilitibiwa kwa suramini. Suramini haivuki kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, kwa hiyo hatua ya pili ilihitaji melasoproli, na melasoproli ni arseniki. Neno hilo lisomwe lilivyo: sumu inayochomwa mshipani kwa matumaini kwamba itaua kimelea kabla haijamuua mwenye mwili. Arseniki na malale ni ndugu wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Robert Koch alipojaribu atoksili, ambayo nayo ni arseniki, kwenye visiwa vya Ssese huko Uganda, baadhi ya wagonjwa walipofuka kwa sababu dawa iliharibu mishipa ya fahamu ya macho.

Melasoproli huja kwenye ampuli ya mililita 5 yenye miligramu 180, yaani miligramu 36 kwa kila mililita. Dozi ya mpango wa Kaliua ilikuwa miligramu 2.2 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, siku 10 mfululizo. Mtu wa kilo 45 anapata miligramu 99, sawa na mililita 2.75. Wa kilo 60 anapata miligramu 132, karibu mililita 3.7. Haizidi ampuli moja kwa siku. Mizani mbovu hapa ni hatari ya kweli, kwa kuwa kosa la kilo tatu linarudiwa mara kumi.

Dawa imeyeyushwa kwenye propilini glikoli, si kwenye maji, na hilo linaleta mambo mawili. Inashambulia plastiki, kwa hiyo bomba la sindano linatakiwa la kioo. Na bomba hilo liwe kavu kabisa, kwani tone la maji lililobaki baada ya kuchemsha linatosha kuifanya dawa igande chembechembe. Inachomwa polepole kwenye mshipa mzuri, mgonjwa akiwa amelala. Ikivuja nje ya mshipa, nyama inaoza. Hata isipovuja, mishipa huvimba na kuziba, na kufikia siku ya saba muuguzi anahangaika kutafuta pa kuchoma. Ndiyo maana wazoefu huanza na mshipa wa chini mkononi, karibu na kiganja, kisha wanapanda. Ukianzia kwenye kiwiko umejifungia njia.

Madhara makubwa zaidi ni ya ubongo wenyewe. Katikati ya tiba, mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri anapandisha homa, anachanganyikiwa, anapata degedege, anapoteza fahamu. Wengi wanaofika hapo hawarudi. Kupunguza hatari hiyo hutolewa prednisoloni, miligramu 1 kwa kilo, isiyozidi 40 kwa siku. Utafiti wa Nioki, Zaire ya wakati huo, uliochapishwa mwaka 1989, ulionyesha kwamba inasaidia kwa malale ya gambiense. Melasoproli inasimamishwa mara dalili za kwanza za madhara hayo zinapoonekana, kwa hiyo muuguzi wa zamu ya usiku ana kazi kubwa kuliko daktari: yeye ndiye atakayegundua kwamba mgonjwa wa kitanda cha tatu ameanza kujibu ovyo.

Mpango wa zamani ulikuwa mrefu. Suramini ilitangulia kusafisha damu, kisha melasoproli ikatolewa kwa mafungu, siku chache za sindano halafu mapumziko, halafu tena. Mapumziko hayo hayakutokana na hesabu ya namna dawa inavyokaa mwilini. Yalirithiwa kutoka uzoefu wa miaka ya nyuma. Vipimo vya kiasi cha dawa kwenye damu vilipofanyika miaka ya 1990, vikaonyesha kwamba dozi ndogo ya kila siku, bila kukatiza, ingetosha. Jaribio la kwanza la mpango wa siku 10 lilifanyika Angola kwa malale ya gambiense na kuchapishwa mwaka 2000. Kwa malale yetu hakuna aliyekuwa na uhakika, maana kimelea ni kingine na ugonjwa una kasi nyingine. Hapo ndipo Kaliua na Lwala zikaingia.

Waliopokelewa walikuwa wagonjwa wa hatua ya pili iliyothibitishwa, wenye umri wa kuanzia miaka 6, waliokubali. Wajawazito na waliokwisha kupoteza fahamu hawakuingizwa. Suramini ya utangulizi iliondolewa. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, wengine mpango mpya na wengine wa zamani. Walilinganishwa na mafaili ya wagonjwa wa zamani wa vituo hivyohivyo. Wapo wanaobeza mtindo huu, na hoja yao ina uzito: mafaili ya zamani huwa na mapengo, na mgonjwa wa jaribio huangaliwa kwa karibu zaidi kuliko wa kawaida, kwa hiyo anaweza kupona kwa sababu ya uangalizi, si ya mpango. Ila kwa ugonjwa wenye wagonjwa wachache hivi, kusubiri idadi ya kupigia kura kungechukua miaka mingi, huku wagonjwa wakiendelea kulazwa kwa mpango wa zamani. Mimi ningechagua walichochagua.

Kuthibitisha hatua ya pili ndiko kwenye ufundi. Mgonjwa analazwa ubavu, magoti yamekunjwa hadi tumboni, kidevu kifuani. Mstari unaounganisha ncha za juu za mifupa ya nyonga unapita kwenye pingili ya nne ya kiuno. Sindano inaingia juu au chini ya pingili hiyo, mahali ambapo uti wenyewe umeshaisha na kubaki mafundo ya neva yanayoelea. Maji yanaachwa yadondoke yenyewe, hayavutwi. Yakitoka na damu, matone ya mwanzo yanawekwa chupa nyingine, kwa sababu damu huingia na seli zake nyeupe, takriban moja kwa kila seli nyekundu 500 hadi 1000, na hesabu inaharibika.

Kisha ni kukimbia. Vimelea ndani ya maji ya mgongo huanza kufa na kupasuka ndani ya dakika kama kumi, na kilichopasuka hakionekani kwenye hadubini. Chupa ikikaa dirishani ikimsubiri mtu wa maabara amalize chai, mgonjwa amekosewa.

Kigezo ni hiki: kuonekana kwa kimelea, au seli nyeupe zaidi ya 5 kwa kila mikrolita. Tano ni namba ndogo mno. Chemba ya kuhesabia aina ya Neubauer, inayopatikana maabara nyingi, inashika mikrolita 0.9 kwenye miraba yake yote 9. Mgonjwa aliye mpakani kabisa, mwenye seli 5, atakuonyesha nne au tano tu kwenye chemba nzima. Bahati ya tone inaweza kukupa mbili, au saba. Chemba ya Fuchs-Rosenthal inashika mikrolita 3.2, kwa hiyo mgonjwa huyohuyo anaonyesha kama 16, na kosa la seli mbili halibadilishi mengi. Ukiwa na Neubauer pekee, jaza na uhesabu zaidi ya mara moja, uchukue wastani. Inachosha, lakini enzi za melasoproli tofauti ya 4 na 6 ilikuwa tofauti ya kupewa arseniki au kutopewa.

Sasa matokeo. Madhara ya ubongo yaliwapata asilimia 11.2 ya waliotibiwa kwa mpango mpya. Kwenye mafaili ya zamani ilikuwa asilimia 13. Waliokufa ni asilimia 8.4, dhidi ya 9.3 za zamani. Msomaji mwenye haraka atasema mpango mpya ni salama zaidi. Hapana. Kiwango cha vifo vya mpango mpya kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 3 na 13.8, na cha zamani kati ya 6 na 12.6, viwango hivi vinalaliana. Kilichoonyeshwa ni kwamba hakuna dalili ya hatari kuongezeka, basi. Wote waliotoka hai walitoka bila vimelea, na baada ya miezi 12 asilimia 96 walikuwa wamepona.

Ushindi uko kwingine: wastani wa kukaa wodini ulishuka kutoka siku 29 hadi 13. Siku 16. Anayewaza hospitali ya mjini anaweza asione uzito wake. Kwenye kituo cha afya, mgonjwa wa malale huja na ndugu wa kumpikia, na ndugu huyo ameacha shamba. Anayelazwa mwezi mzima wakati wa kupanda anarudi kwenye njaa. Na mwenye kuona siku haziishi, akajisikia nafuu wakati wa mapumziko ya katikati, ndiye anayetoroka akiwa na nusu dozi.

Mambo yamesonga tangu hapo. Feksinidazoli, dawa ya kumeza, ilijaribiwa kwa malale ya rhodesiense huko Rumphi, Malawi, na Lwala tena, kwa wagonjwa 45. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuikubali mwishoni mwa 2023, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka kuwa chaguo la kwanza, hatua zote mbili, kwa mwenye miaka 6 na kilo 20 kwenda juu. Kwa hiyo mgonjwa wa kawaida hahitaji tena kutobolewa mgongo ili kuamuliwa dawa. Mtoto aliye chini ya hapo bado anarudi kwenye suramini, au melasoproli kama ubongo umeshaguswa, hivyo bomba la kioo lisitupwe.

Vidonge ni vya miligramu 600. Mwenye kilo 35 na zaidi humeza 3 kwa siku kwa siku 4, kisha 2 kwa siku 6. Wa kilo 20 hadi chini ya 35 humeza 2, kisha 1, kwa siku zilezile. Sharti ambalo watu hulichukulia kama ushauri tu: chakula. Tumbo likiwa tupu dawa hainyonywi vya kutosha kufika kwenye ubongo. Inamezwa wakati wa mlo mkubwa wa siku au mara tu baada yake, na mlo maana yake ugali na mboga, si chai ya rangi na andazi. Kwa kuwa chakula cha wodini huletwa na ndugu, muuguzi aulize chakula kinafika saa ngapi ndipo apange saa ya dawa, si kinyume chake. Ubaya mwingine ni kutapika. Amezeshwe akiangaliwa, na abaki akiangaliwa.

Dawa yote hii hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Kinachokwamisha siku hizi ni kumwona mgonjwa mapema. Malale ya rhodesiense haina kipimo cha haraka cha kuchoma kidole. Zamani iligunduliwa kwa bahati: mtu wa maabara akitafuta malaria kwenye slaidi anakuta mdudu mwenye mkia kati ya seli. Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa wengi, ila hakimwoni mdudu huyo mwenye mkia. Kikisoma hasi, mgonjwa hupewa dawa ya taifodi. Kikisoma chanya, hupewa dawa mseto ya malaria, na malale inaendelea chini kwa chini.

Kwa hiyo tabibu wa zahanati za pembezoni mwa pori, Kaliua, Sikonge, Kasulu au Kibondo: homa isiyoshuka baada ya mseto, kwa mtu aliyetoka kurina au kuchunga porini, iandikiwe slaidi. Weka kwanza tone bichi la damu chini ya kioo chembamba, liangalie palepale kwa lenzi ya 40. Usitafute mdudu mwenyewe. Tafuta seli nyekundu zinazosukumwasukumwa wakati jirani zake zimetulia. Kama kuna sentrifuji ya hematokriti, yaani mashine ya kuzungusha damu kwenye mirija myembamba, zungusha mirija minne ya damu na uchungulie mpaka wa seli nyeupe na maji ya damu, kwa kuwa hapo ndipo vimelea vinapojikusanya. Ikiwa hasi na dalili zipo, rudia kesho yake.