Sabini ya Nini? Nilivyosawazisha Rangi za Harusi Kisumu kwa Skopu za Bure

Ukishika kamera ya video Kisumu, hukawii kuambiwa hivi: uso wa mtu ukae kwenye 70. Mimi niliambiwa na fundi mmoja wa Nairobi, nikaambiwa tena na jamaa wa video za mafunzo, na wa tatu akaniongezea kwamba bila monita ya laki na ushee nisijisumbue, nirudi kupiga picha za pasipoti. Leo kazi zangu zinatoka safi kwenye laptopu ambayo kioo chake kimeegemea buluu tangu niinunue, na skopu ninazotumia, yaani vipimo vinavyochora mwanga na rangi za picha kwenye skrini, zimo ndani ya programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, ile ya bure. Kwa hiyo niacheni nijigambe kidogo.

Hiyo 70 haikuzushwa tu. Kamera nyingi za video zina mistari ya pundamilia inayowaka pale mwanga unapofikia kiwango ulichokiweka, na desturi ya zamani ni kuiweka kwenye asilimia 70 ili iguse sehemu inayong'aa ya uso. Uso wa nani? Wa mtu mweupe. Hapo ndipo washauri wangu wote hawakufika.

Niliufuata ushauri huo kwenye harusi moja upande wa Nyakach. Bwana harusi mweusi tii, bi harusi vilevile, ngozi zinang'aa mafuta, jua la saa saba. Kwenye wevufomu, ile skopu inayopanga mwanga wa picha kuanzia giza chini hadi weupe juu, nyuso zao zilikuwa zimetulia karibu na 40. Nikasema hapana, wakubwa wamesema 70. Nikapandisha. Gauni likagonga dari, na lile shela lililofumwa kwa maua likawa shuka tupu. Mawingu yakatoweka. Nikashusha sehemu angavu, nikainua za kati, nikachora duara usoni nimulike uso peke yake, na jasho linanitoka kama nachota maji kisimani. Mwisho wawili hao wakatoka na rangi ya majivu, lakini wevufomu inasoma 70 barabara! Mama ya bi harusi alipokuja kuonja kazi, alitazama kidogo tu.

"Kijana wangu, huyu mtoto nilimzaa mimi. Mbona umempaka unga wa mhogo?"

Sikuwa na la kujibu ila, "Pole mama, nitarekebisha." Nikarudisha nyuso pale zilipokuwa, na picha ikapumua. Tangu hapo mtu mweusi namwacha kati ya 35 na 45, mwenye rangi ya maji ya kunde anapanda kidogo, na mng'ao wa paji la uso naruhusu uruke juu zaidi kwa sababu ndio unaomfanya aonekane hai. Anayetaka kubishana aje na bi harusi wake.

Resolve ikikuonyesha namba kutoka 0 hadi 1023, usishtuke, ni mizani ya biti 10. Unaweza kuibadilisha isome asilimia.

Sasa mahema. Hili hakuna aliyeniambia. Harusi zetu nyingi ziko chini ya hema, na hema la buluu humwaga buluu kwa kila aliyeketi chini yake. Jicho nalo huzoea upesi. Ukikaa nusu saa mbele ya picha ya buluu utaapa ni ya kawaida. Paredi, skopu nyingine, haizoei. Inakuwekea nyekundu, kijani na buluu kando kwa kando, na kitu cheupe kinatakiwa kiwe na kimo kimoja kwa zote tatu. Usipime kwa gauni, maana magauni mengi ya kukodi ni rangi ya maziwa, ukiyafanya meupe unapotosha kila kitu. Mimi natafuta karatasi ya ratiba ya ibada mkononi mwa mgeni. Buluu ikiwa imesimama juu ya wenzake, naishusha kwenye gurudumu la sehemu angavu hadi zilingane. Kazi imeisha hata chai haijapoa.

Lakini ujanja ninaoupenda kuliko yote ni wa vektaskopu. Hiyo ni ile ya duara: pembe inakuambia ni rangi gani, umbali kutoka katikati unakuambia imekolea kiasi gani. Kuna mstari wa ngozi unaoweza kuuwasha, uko juu kushoto kati ya nyekundu na njano, na ngozi za binadamu, weupe kwa weusi, huangukia karibu nao. Tatizo ni kwamba kwenye harusi duara linajaa vitenge, maputo na keki, huoni uso uko wapi. Basi nachora dirisha dogo shavuni, nabonyeza Shift na H. Kila kilicho nje ya dirisha kinageuka kijivu, na kijivu hukaa katikati kabisa ya duara. Kinachobaki kimejitokeza ni ngozi peke yake. Ikiwa imeinamia kijani naivuta taratibu hadi iufuate mstari, kisha nazima. Mpambaji akiwa amempaka bi harusi poda isiyo yake, dirisha nachora begani.

Machweo ya ufuko wa Dunga msiyaguse. Jua likizama ziwani nyuso lazima ziwe za machungwa, na ukizilazimisha kwenye mstari unaua picha uliyolipwa kuipiga.

Laptopu ikiwa dhaifu, usisome skopu video ikicheza. Simamisha kwenye fremu moja, soma, songa mbele. Mimi niliongeza monita ya mtumba, elfu nne au tano hivi, iwe ya skopu tu. Rangi yake mbovu hainihusu, mistari inasomeka.

Tangazo nililolitengenezea duka moja la Nakuru nalo lilirudishwa na stesheni ya televisheni kwa sababu mwanga ulivuka mpaka. Pendekezo la umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU R 103, huvumilia kutoka asilimia -5 hadi 105. Mimi najifungia ndani ya 0 na 100 nisisumbuliwe. Na wakati wa kutoa faili, hakikisha viwango ni vya video, yaani 16 hadi 235 kwa biti 8, la sivyo weusi na weupe vitakatwa kwenye runinga.

Siku hizi mtu akipiga simu kuuliza bei ya harusi, kabla ya tarehe namuuliza hema ni rangi gani. Likiwa buluu naongeza elfu moja.